Mtoto wa Ukurasa wa 84

Jumapili ile walikuwa watatu tu mezani: Mwalimu, binti yake Chiriku, na mkwe. Chiriku alikuwa na plasta ngumu kwenye mkono wa kushoto, kuanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko, na alikuwa anakula kwa kijiko kama mtoto.

Jina la Chiriku alipewa na baba yake, marehemu mume wa Mwalimu, kwa sababu alianza kuongea kabla hajajua kutembea vizuri, na tangu hapo hakunyamaza. Hata alipokuwa mtu mzima, na kazi yake ya kupima damu kwenye maabara ya hospitali, bado ungemsikia kabla hujamwona. Siku hiyo walikuwa wamekaa nusu saa nzima na binti hajatimiza maneno kumi. Mwalimu alikuwa anayahesabu.

"Aliteleza bafuni," mkwe akasema, huku akimwekea mkewe chakula kwenye sahani. "Nimemwambia mara ngapi, mama, weka kizulia pale. Haambiliki."

Chiriku akaweka kijiko chini.

"Sikuteleza," akasema. "Mama, sikuteleza. Nimeshaenda polisi, nimeandikisha maelezo kwa mkono wangu huu mzima, na Ijumaa asubuhi wananiita. Huyu hapa alini..."

Sauti ilikuwa inapanda, na Mwalimu, Mungu amsamehe, alifurahi kuisikia. Mkwe hakukasirika. Angekasirika, mambo yangekuwa mepesi. Alinyoosha mkono taratibu, akashika mkono mzima wa mkewe, na kidole gumba chake kikaenda moja kwa moja kwenye kifundo cha kidole cha pete. Akabonyeza mara mbili, polepole.

"Tulia," akasema. "Yameisha."

Chiriku akatulia, na haikuwa kama mtu aliyekemewa, ambaye hununa na kuvimba mashavu. Mabega yalishuka. Pumzi ilimteremkia tumboni. Macho yakalegea kama ya mtu aliyetoka kuoga maji ya moto.

"Labda niliteleza," akasema. "Sakafu ilikuwa na sabuni."

Kidole kile, mibonyezo ile miwili, maneno yale mawili, hakuna mtu aliyepaswa kuvijua. Yeye ndiye aliyeviweka pale kwenye mkono wa binti yake, miaka ishirini na miwili iliyopita.

Kama hujui kazi ya Mwalimu, si kosa lako. Kuna elimu moja ambayo wenyewe huiita kwa herufi tatu, NLP. Ukiwauliza ni kitu gani, watakwambia ni namna ya kutumia maneno, sauti na mguso kuiongoza akili ya mtu, iwe yako au ya mwenzako. Wapo wanaoiapia na wapo wanaoicheka mpaka mbavu ziwaume. Haina bodi ya kuisimamia wala leseni. Leo umehudhuria mafunzo ya siku nane, kesho unakodi ukumbi na kuwafundisha wengine, na hakuna wa kukuuliza kitu. Mwalimu alikuwa ameifundisha kwa miaka mingi, na ili nimtendee haki niseme kwamba aliifundisha kwa moyo safi. Moyo safi nao umeshawaponza wengi.

Jambo mojawapo wanalolifundisha huliita kutia nanga. Unamfanya mtu akumbuke wakati aliokuwa na raha kabisa, na raha ikifika kileleni unambonyeza mahali fulani na kumtamkia neno fulani. Ukirudia vya kutosha, baadaye unabonyeza tu, unatamka tu, na raha inakuja yenyewe bila kuulizwa.

Chiriku alipokuwa na miaka saba aliugua ugonjwa uliohitaji sindano kila Jumatatu. Kelele zake zilisikika mpaka getini, manesi wawili wakimshika miguu. Mwalimu, ambaye wakati huo alikuwa mgeni kwenye fani na ana hamu nayo kama mtu mwenye baiskeli mpya, akamkalisha mtoto nyumbani. Akamkumbusha jinsi baba alivyokuwa akimbeba mgongoni, mtoto akacheka, akalegea, na mama akabonyeza kifundo cha kidole cha pete. Tulia. Yameisha. Walirudia jioni baada ya jioni. Jumatatu ya nne mtoto hakulia. Alimwambia mama yake, "Asante, mama," akanyoosha mkono mwenyewe kwa nesi.

Ungekuwa wewe usingeandika kitabu? Yeye aliandika. Muswada wa kwanza ulikuwa na sura nzima kuhusu idhini: nani umguse, umwambie nini kwanza, lini uache. Mchapishaji aliisoma, akakuna kichwa. "Mwalimu, watu hawanunui kitabu ili wakatazwe. Wape vitu wanavyoweza kuvifanya." Kurasa thelathini zikawa aya moja. Lakini kisa cha mtoto kilibaki chote, ukurasa wa 84: "Mtoto C., umri miaka saba." Kidole kipi, mara ngapi, maneno gani. Mwisho wake kulikuwa na sentensi ambayo Mwalimu aliipenda kuliko zote: *Mtoto alinyoosha mkono mwenyewe.* Alidhani akificha jina amemficha mtoto. Kumbe alifunga mlango vizuri na kuacha ufunguo umening'inia kwenye kitasa.

Na mkwe alikuwa mwanafunzi wake. Hilo ndilo lililomkosesha raha wiki nzima. Alikuja darasani miaka mitano nyuma, kijana nadhifu wa kuuza vifaa vya hospitali, akakaa mstari wa mbele na daftari. Siku ya somo la idhini ni yeye peke yake aliyenyoosha kidole.

"Samahani, Mwalimu. Huyu mtoto wa ukurasa wa 84, alikubali?"

Mwalimu akacheka. "Huyo hana shida. Huyo ni wangu mwenyewe."

Darasa zima likacheka naye. Kijana akaandika kitu kwenye daftari. Mwezi uliofuata alikuja nyumbani kusainiwa kitabu chake, akamkuta Chiriku sebuleni, na Mwalimu mwenyewe akawatambulisha.

* * *

Jumatatu saa nne Mwalimu alikuwa ofisini kwa wakili, mwanamke aliyesoma naye sekondari, mwenye miwani ya kamba na meza iliyojaa mafaili mpaka huoni kikombe chake. Alimweleza yote, hata yale ya aibu. Wakili alisikiliza bila kuandika neno.

"Umekuja na kitabu?" akauliza.

Mwalimu akakitoa mkobani. Alidhani wakili ataenda ukurasa wa 84. Wakili akafungua ukurasa wa pili, ule wenye maandishi madogo ambao hakuna anayeusoma, akausoma kwa sauti.

"'Mbinu zilizomo humu ni za mafunzo tu. Hazina uthibitisho wa kisayansi, si tiba, na mwandishi hadai kwamba zina athari yoyote kwa mtu yeyote.' Nani aliandika hii?"

"Mwanasheria wa mchapishaji. Alisema ni kinga."

"Ni kinga kweli. Imemkinga mkweo." Wakili akavua miwani. "Sikiliza, shoga yangu. Tuseme Chiriku anafuta maelezo yake Ijumaa. Wewe unasimama, unasema hakufuta kwa hiari, amebonyezwa kidole. Mwanasheria wa upande wa pili ananyanyuka, anasoma hii. Mama mkwe mwenyewe ameandika kwamba haifanyi kazi. Imechapishwa mara sita."

"Nitasema si kweli. Nitasema inafanya kazi."

"Basi utakuwa umekula hela za watu miaka yote hiyo ukiwadanganya kwenye ukurasa wa pili. Na swali linalofuata ni hili: ulimfanyia mtoto wa miaka saba kitu kinachofanya kazi, bila daktari, ukakichapisha? Unaona unapoelekea?"

Mwalimu aliona. Alikuwa amejifungia pande zote mbili kwa kalamu yake mwenyewe.

"Sheria inasemaje kuhusu mwanaume anayefanya hivyo?"

"Sheria inajua ngumi. Inajua vitisho. Mume kumshika mkewe mkono na kumwambia tulia?" Wakili akainua mabega. "Haijui hiyo. Siku moja labda itajua. Sasa hivi mkono uliovunjika ndio kesi, na kesi hiyo ina shahidi mmoja, mwanao."

Nje mtu alikuwa anapiga muhuri karatasi, moja baada ya nyingine.

"Kuna njia moja," wakili akasema. "Mwambie Chiriku mwenyewe. Yote. Mwoneshe ukurasa. Atakasirika, na hicho ndicho tunachokitaka, maana aliyeenda polisi alikuwa Chiriku mwenye hasira. Aende nayo mpaka Ijumaa, alale kwako, asishikwe mkono na mtu. Lakini sehemu kubwa ya hasira hiyo itakuangukia wewe."

"Najua."

"Hujui. Mimi nakufahamu, wewe huwezi kuona mtu analia ukakaa. Mwache alie. Avunje vyombo. Usimtulize."

"Nimekuelewa."

"Usimtulize," wakili akarudia, akamrudishia kitabu.

* * *

Jumatano Mwalimu alifundisha ovyo. Alisahau majina ya wanafunzi, akaruka somo la nanga akisema watalirudia. Darasa lilipotoka alianza kufuta ubao, na aliposikia mlango unafungwa nyuma yake alijua ni nani kabla hajageuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Mkwe alikaa mstari wa mbele, kiti kilekile cha zamani. Alikuwa na shati jeupe, lililopigwa pasi vizuri. Alimtazama bila haraka, na baada ya muda Mwalimu akagundua kwamba mtu huyu anapumua pamoja naye, akivuta anapovuta, akishusha anaposhusha. Lilikuwa somo la siku ya pili, yeye ndiye aliyemfundisha. Akabana pumzi. Mkwe akatabasamu, akabana yake.

"Jumapili ulinitazama vibaya," akasema. "Nikasema nije, tusiwekeane vinyongo."

"Ulimvunja mkono."

"Chiriku akipandisha hasira haoni anakokwenda, unamjua. Mimi namsaidia tu. Wewe ulimsaidia kwa sindano, mimi namsaidia kwa maisha." Alisema hivyo kwa upole kabisa, na ule upole ndio uliomtisha Mwalimu. "Nimefuata ulichoandika, mama. Sijaongeza hata nukta. Si ulisema hakidhuru?"

"Nitamwambia."

"Mwambie." Akasimama, akapanga kiti chake vizuri chini ya meza. "Nilimuuliza mwalimu wangu kama mtoto alikubali, akacheka. Sijawahi kuisahau siku ile. Ndiyo siku niliyoelewa somo."

Akafungua mlango, akatoka kwa adabu zake zote. Mwalimu akafuta ubao uleule mara ya pili.

* * *

Alhamisi saa kumi Chiriku alipita kwa mama yake akitoka kazini. Mume angemfuata saa kumi na moja, alisema, maana hawezi kuendesha gari kwa mkono mmoja. Mwalimu alikuwa na saa moja. Mlango wa mbele alikuwa ameupiga komeo, chumba cha zamani cha Chiriku kimetandikwa shuka safi, na kitabu kilikuwa mezani, kimefunguliwa.

Hakuzunguka. Alimwambia asome.

Chiriku alisoma akiwa amesimama, plasta imeegemea tumboni. Alisoma ukurasa wa 84, akarudia. Kisha akautazama mkono wake wa kulia, akaugeuza, kama mtu aliyeokota kitu cha mtu mwingine njiani.

"Mtoto C.," akasema.

"Ndiyo."

"Hii anayonifanyia. Kila ninapo... Mama, mimi nilidhani namsamehe. Nilikuwa nalala najiambia nina moyo mwema sana, namsamehe mtu haraka hivi." Akacheka, kicheko kibaya. "Kumbe ni kidole!"

"Nilitaka usiumie. Ulikuwa na miaka saba, ulikuwa unalia mpaka unatapika."

"Ukaandika! Ukakiuza!" Sauti sasa ilikuwa imepanda, ile ya zamani, ya kusikika getini. "Na yeye ulijua alikuwa mwanafunzi wako. Ukanitambulisha kwake ukicheka. Huyu hapa binti yangu! Kwa nini usingempa na maelekezo, mama? Ah, samahani, ulimpa! Ukurasa wa themanini na nne!"

"Nimekosa, mwanangu. Nimekosa."

"Usiniite mwanangu!" Akakirusha kitabu, kikagonga kabati, glasi mbili zikaanguka. "Kesho naenda. Unasikia? Naenda kuwaambia kila kitu, cha kwake na cha kwako. Ya mkono huu, na mbavu za mwaka jana ambazo hukuambiwa, na wewe uandikwe humo humo. Sitaki mtu anishike tena. Sitaki mtu anitulize tena maisha yangu yote!"

Hayo ndiyo maneno waliyoyahitaji, yeye na wakili, na yalikuja mazima na yenye moto. Mwalimu alipaswa kukaa pale alipo na kuyapokea. Alikaa. Nashuhudia kwamba alijikaza, akashika kiti kwa mikono yote miwili, machozi yanamtiririka, na hakusema neno.

Lakini Chiriku hakuishia kwenye maneno. Kilio kilimpanda kifuani, kikakwama. Akaanza kuvuta hewa na hewa haiingii, midomo ikageuka rangi, akapiga magoti katikati ya vipande vya glasi. Akawa anatoa sauti ile, sauti nyembamba, ya juu, ileile ya korido ya hospitali miaka ishirini na miwili iliyopita. Mwalimu alikuwa amejiandaa kwa matusi. Kwa sauti ile hakuwa amejiandaa.

Hakuamua. Ukimuuliza mpaka leo atakwambia hakuamua, na mimi namwamini, na haisaidii. Alijikuta yuko sakafuni, amemkumbatia, mkono wa kulia wa binti uko ndani ya mkono wake, na kidole gumba kimeshakwenda.

Mara moja. Mara mbili.

"Tulia," akasikia mdomo wake unasema. "Yameisha."

Chiriku akautazama mkono. Alijua. Mwalimu aliona kwamba anajua, kwamba macho yanakifuata kile kidole na kukielewa, na kwa kitambo kidogo sana kulikuwa na hofu ndani yake, hofu ya mtu anayeona mlango unafungwa na yeye yuko ndani. Kisha mabega yakashuka. Pumzi ikateremka tumboni. Rangi ikarudi midomoni, na ile hofu nayo ikazimika pamoja na vingine vyote.

Nje, gari likasimama na kupiga honi, mara moja tu, kwa adabu.

"Chiriku," Mwalimu akasema. "Chiriku, kasirika. Nakuomba. Mama yako nimekosa, nitukane. Umesema utaniandikisha. Umesema mbavu. Sema tena, mbavu za mwaka jana!"

Akamtikisa bega. Akamfinya, kweli alimfinya, yeye ambaye hakuwahi kumpiga mtoto huyu hata kofi. Chiriku akamtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mgonjwa.

"Mama, tusipige kelele, majirani watasikia," akasema. Akainama, akaanza kuokota glasi kwa mkono mmoja, akazipanga juu ya kitabu ili zisimchome mtu. "Kesho nitawaambia wafute. Watu huteleza."

"Usiende. Lala hapa leo. Nimekutandikia."

"Ananisubiri."

Alisimama, akajipangusa magoti. Yalikuwa yanatoka damu kidogo, hakuyaona. Mwalimu alikimbia akasimama mbele ya mlango, mgongo kwenye komeo, mikono ameitanua. Honi haikulia tena. Mkwe hakuwa na haraka, alikuwa anajua kusubiri.

Chiriku akamkaribia mama yake, akambusu shavuni penye machozi.

"Asante, mama," akasema.

Kisha akapitisha mkono nyuma ya mgongo wa Mwalimu, akalitoa komeo, akatoka. Mwalimu alibaki mlangoni, akamwona anashuka ngazi polepole, anafika kwenye gari ambalo mlango wake ulishafunguliwa kwa ndani. Hakuna aliyemwita. Hakuna aliyemshika. Alinyoosha mkono mwenyewe.